Pijo Iliyolia Ikirudi

Mara ya kwanza watu walicheka. Pijo ya Dagane, pikapu ya kubeba vitunguu, ilikuwa ikipanda tuta la mchanga kutoka Dagahaley kuja Garissa, yeye akakanyaga mafuta, nayo ikatoa mlio kama wa bunduki: pa, halafu pa-pa. Abiria waliokaa nyuma juu ya magunia matupu wakainama wote kwa pamoja, vichwa magotini, na walipoona hakuna aliyekufa wakaanza kutaniana ni nani aliyeinama mapema kuliko mwenzake. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino, na kwenye barabara ile hakuna mtu aliyesikia mlio kama huo akabaki ameketi wima.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Siku hizo magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi waliojificha vichakani. Pijo ikalia. Askari wa gari la mbele wakaruka chini, wakalala kifudifudi, wakalenga bunduki kwenye miiba. Walikaa hivyo mpaka mmoja wao akatambua kwamba adui ni gari la kubeba vitunguu. Sajenti akaja kwa miguu hadi dirishani kwa Dagane, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hii gari yako ni ya biashara ama ni ya vita?"

"Afande, bole sana. Gari mzuri. Shida kidogo tu, iko kwa injini."

"Kidogo. Kijana wangu alikuwa ameshaweka kidole. Sasa nisikize. Jumanne nitaisikiliza hii gari kabla hatujatoka. Ikilia, inabaki Garissa. Na ikilia njiani siku yoyote, usinione tena."

Dagane alimsimulia mkewe maneno hayo akiwa bado hajavua viatu. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba Abdihafid bado anamtaka kwenye lori lake la Mandera.

Muslimo akaweka birika chini. Kabla ya nikaha alitoa sharti moja tu, na hata wazee walishangaa lilivyokuwa dogo: mume wake asiendeshe lori la Mandera. Lori hilo lilikuwa limebadilishwa kioo cha mbele mara mbili, na mara zote mbili si kwa sababu ya mawe. Dagane alikubali, akauza ngamia, akanunua Pijo kuukuu na kuanza kupeleka vitunguu na viazi kwenye soko la Dagahaley. Lakini bila msafara hakuna Dagahaley, na dereva asiye na njia hutafuta njia nyingine.

"Hulia vipi?" Muslimo akauliza.

"Nini?"

"Gari. Hulia vipi? Huanza lini?"

Dagane akamtazama. Alisahau ameoa nani. Huko Kutulo, nyumbani kwao Muslimo, walimwita Waamaxay, yaani "ni nini hiki", kwa sababu ndiyo maneno aliyoamka nayo na kulala nayo. Aliwahi kupasua redio ya baba yake ili aone anakokaa yule msoma habari.

"Ikilia utaisikia," Dagane akasema, akaenda kuoga.

*

Jumatatu asubuhi fundi Mohamedamin akaja uani. Alikuwa mtu wa ndevu za hina na sauti kubwa, aliyezoea kuzungumza na injini kuliko na wenye magari. Alifungua boneti, akaegemea, akamweleza Dagane yote ambayo tayari alikuwa ameyafanya kwa majuma mawili yaliyopita. Alibadilisha plagi. Alibadilisha nyaya zake. Alisugua kifuniko cha distributa. Alibadilisha hata chujio la petroli, jipya kutoka kwenye karatasi yake.

"Sasa washa."

Dagane akawasha. Injini ikanguruma taratibu. Mohamedamin akavuta waya wa mafuta kwa kidole, injini ikapanda sauti, ikashuka, ikapanda. Hakuna pa, hakuna pa-pa.

"Hailii," fundi akasema, kama mtu aliyeonewa.

Ukutani, kwenye kivuli cha jiko, alikaa Ugbad, mama yake Dagane, akifanya kazi yake ya kila asubuhi. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia, na mbele yake palikuwa na jerikani za plastiki zilizopangwa safu, zikingoja kupelekwa malishoni zikajazwe. Alichukua kijiti chenye kaa jekundu, akakitumbukiza ndani ya jerikani, akafunga kifuniko, akaitikisa mpaka moshi ukatapakaa kote. Kisha alifungua, akakung'uta majivu, akapaka samli kidogo mdomoni na ndani, akachukua nyingine. Chombo kisichofukizwa hakikupita mlango wake kwenda popote.

"Walaal," Muslimo akamwita fundi kutoka jikoni, "hulia ikienda au ikirudi?"

Mohamedamin hakugeuka. "Dagane, mkeo anauliza kama gari lako linalia likienda au likirudi."

"Nimemsikia." Dagane akafikiri. Ilionekana hajawahi kujiuliza. "Ikirudi," akasema polepole. "Ikienda ni kimya kama paka, tena imebeba mzigo. Ikirudi haina kitu, na ndipo inapolia."

"Kila mara?"

"Kila mara. Safari zote za karibuni."

"Injini haijui Garissa iko upande gani," Mohamedamin akasema. "Haina kibla."

"Basi kuna kitu kinachojua," Muslimo akajibu.

Ugbad akakung'uta jerikani. "Ikienda imebeba vitunguu," akasema, "ikirudi imebeba abiria na maneno yao. Maneno ya watu wa Dagahaley ni mazito. Mimi nisingepanda nayo tuta."

Fundi akacheka, lakini Muslimo alikuwa ameshatoka kivulini. Aliizunguka Pijo kama anayemkagua ngamia wa mahari. Akauliza ililala wapi iliporudi. Ililala hapo hapo, haijasogea. Akauliza kama imetiwa petroli tangu irudi. Haijatiwa, Dagane hujaza alfajiri ya safari.

"Hapa imesimama, haina kazi," akasema. "Mtu hakohoi akiwa amelala. Ipeni kazi tuisikie."

*

Hivyo ndivyo Arbia, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa mwili wa kutosha, alivyojikuta nyuma ya Pijo pamoja na dada zake wawili, mapipa mawili ya maji na Muslimo mwenyewe. Arbia aliambiwa anahitajika kwa ajili ya uzito. Alikasirika kwa muda mfupi tu, kisha akapanda, kwani ni mara chache mtu huombwa apande gari bila kuulizwa nauli.

Walikwenda hadi karibu na daraja la Tana, wakageuza, wakaanza kupanda mwinuko wa kurudi mjini. Fundi alishika usukani, Dagane kando yake. Muslimo hakukaa na wanawake wenzake katikati. Alilala kifudifudi, sikio juu ya ubao wa nyuma, mahali bomba la moshi linapotokea.

"Huyu amepotewa na nini huko chini?" Arbia akauliza.

"Nyamaza kidogo, abaayo."

Mohamedamin akakanyaga. Pijo ikajikaza, ikasita, halafu: pa. Dada wa Arbia akapiga yowe, maji yakamwagika. Pa-pa. Muslimo akainuka upesi, akajivuta kwa magoti hadi mbele, akaweka sikio kwenye paa la chumba cha dereva. Pa. Akagonga paa kwa kiganja.

"Si nyuma," akasema waliposimama. Kanga yake ilikuwa imelowa na shavu lake lina vumbi. "Bomba la moshi limetulia. Mlio unatoka mbele, chini ya boneti, juu juu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mohamedamin alimtazama yeye badala ya kumtazama mumewe.

"Una hakika?"

"Panda wewe ulale pale, mimi nikanyage."

"Hapana, hapana. Nakuamini." Alikuna ndevu. "Sisi tuliokaa ndani tunasikia kila kitu kinatoka kila mahali. Kama ni mbele, basi nimekuwa nikitafuta ugonjwa usiokuwepo. Nilidhani moto wa plagi ni mbaya. Kumbe moto ni mzima. Gari hili lina njaa."

"Njaa?"

"Injini hula hewa na petroli pamoja. Hewa ikizidi na petroli ikapungua, hasa ukiikanyaga ifanye kazi, moto unawaka ovyo na kurudi juu kupitia mdomo wake, kupitia kabureta. Inapiga chafya. Ndiyo hiyo pa-pa."

"Na nani anainyima chakula?"

"Hapo sasa," Mohamedamin akasema, na macho yake yakawa kama ya mtu anayekaribia kufungua mzigo. "Turudi nyumbani."

*

Chujio lilikuwa na umri wa majuma mawili. Fundi alilikata kwa msumeno wa chuma, akalifungua kama yai, na wote watatu wakainama. Karatasi ya ndani, ambayo ingepaswa kuwa ya rangi ya biskuti, ilikuwa nyeusi, na imefunikwa na kitu chenye kunata mfano wa ugoro uliolowa. Akafungua kabureta. Ndani ya kikombe chake chembe nyeusi zilikuwa zimetulia chini, na kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli kilikuwa kimeziba nusu. Akachukua gilasi ya chai, akakinga petroli kutoka kwenye tangi. Ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Wamechanganya," Mohamedamin akasema. "Wale wa kituo wametia kitu."

Dagane akafunga kikoi chake vizuri. "Nakwenda kuwauliza."

"Ngoja," Muslimo akasema. "Hujaza kwao ukienda?"

"Ndiyo."

"Na ukienda ni paka."

Dagane akasimama.

"Ya kurudia unaitoa wapi?"

"Kwao kwao. Siku ile ile." Akaanza kueleza, kwa uvumilivu wa mtu anayetaka kwenda kugombana: hakuna mtu anayelala Dagahaley na tangi lililojaa, kwa sababu petroli hunyonywa kwa mpira watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo hutia ya kumfikisha tu, na ile ya kurudia huibeba pembeni, akalala nayo kichwani kama mto. Asubuhi anaimimina ndani ya tangi.

"Unaibeba kwenye nini?"

Wakati huo huo Muslimo aliinua gilasi hadi puani.

Kwanza alipata petroli tu, kali, ya kuchoma macho. Alingoja ipite. Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, kitu cha taratibu, na kabla akili haijakipa jina, mate yalimjaa mdomoni. Ilikuwa harufu ya kikombe anachopewa kila asubuhi katika nyumba hii. Kila mwanamke ana moshi wake. Mama yake kule Kutulo alitumia mti mmoja na hakuchanganya. Hapa mgunga ulichanganywa na ganda fulani lenye utamu, na Muslimo alikaa miezi minane akijaribu kubahatisha ni ganda la nini, bila kuthubutu kuuliza.

Akainua macho. Kando ya jiko, Ugbad alikuwa akitumbukiza kaa jekundu kwenye jerikani nyingine.

Hapo Muslimo, ambaye hakuwahi kukosa swali, akateremsha gilasi. Bibi harusi wa mwaka wake wa kwanza hamwendei mavyaa wake mbele ya fundi na kumwambia kwamba moshi wake ndio uliomwangusha mwanawe. Ugbad alisifiwa mji mzima kwa moshi huo. Kulikuwa na watu waliovuka soko zima, wakapita maziwa ya wengine, ili wanunue yake. Lakini msafara ulikuwa kesho, na nyuma ya msafara lilisimama lori la Abdihafid lenye kioo kipya.

Akavuka ua, gilasi mkononi, akachutama mbele ya Ugbad.

"Hooyo, nisaidie. Pua yangu bado ni ya kitoto. Hebu niambie humu mna nini."

"Petroli," Ugbad akasema bila kuangalia. "Nani asiyeijua petroli? Itoe hapa, nina moto mkononi."

Muslimo akaweka gilasi mbali nyuma yake, akachovya pembe ya kanga, akaipunga mpaka ukali ukaruka, akairudisha. Ugbad akaweka kaa lake jikoni. Akainusa ile kanga mara moja. Akainusa tena, macho yamefumbwa.

"Huu ni moshi wangu," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa mdadisi kuliko mkwewe. "Mgunga, na lile ganda. Na samli yangu imo. Umefikaje humo?"

Alifumbua macho na hayakumtafuta Muslimo. Yalikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, ambaye alikuwa ameanza kukagua tairi lisilo na tatizo.

"Dagane."

"Hooyo."

"Jerikani yako ya chuma iko wapi?"

"Iliibwa Dagahaley. Muda kidogo sasa." Akakohoa. "Nikawa nachukua moja hapo kwenye safu. Nilizikuta safi."

"Safi," Ugbad akasema. "Bila shaka ni safi. Nimezifukiza kwa mkono huu ili maziwa yatoke malishoni na jua lote lile yafike hapa bila kuchachuka. Wewe ukachukua chombo cha maziwa, ukatia petroli. Chombo cha maziwa." Alitazama juu kana kwamba anawaomba radhi ngamia. "Na mimi namtuhumu Arbia kwa jerikani zinazopotea."

"Kumbe ndiyo sababu ulininunia?" Arbia akauliza kutoka kwenye kizingiti, ambako hakuna aliyejua kwamba bado yupo.

Mohamedamin hakuwa akisikiliza ugomvi. Alichukua jerikani moja kutoka kwenye safu, akapitisha kidole ndani ya mdomo wake, akatazama weusi uliobaki kidoleni. Akamimina petroli ya kikombe kimoja, akatikisa, akaimwaga kwenye gilasi safi. Rangi ya chai. Alicheka peke yake.

"Maziwa hayang'oi kitu," akasema. "Moshi na samli vinashika kwenye plastiki, maziwa yanapita. Petroli inang'oa vyote. Inayeyusha samli, inabeba masizi, inamlisha Pijo. Ukijaza safi kituoni uchafu unapungua makali, gari linapumua mpaka urudi." Akamgeukia Ugbad. "Eeddo, miaka yote ya kazi yangu sijawahi kukutana na gari lililofukizwa." Kisha uso wake ukabadilika. "Dagane, zile tupu unazipeleka wapi?"

"Namwachia muuza chai kule kule. Anatekea maji."

"Hujawahi kurudisha hata moja hapa? Kwenye safu hii?"

"Hapana."

Mohamedamin alilitazama kaa jekundu jikoni, akaitazama jerikani aliyotoka kuitia petroli, akaibeba mwenyewe hadi nje ya lango. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jerikani yenye mvuke wa petroli na mkono wa mama wenye kaa la moto vingeweza kukutana siku yoyote. Ugbad akalisukuma kaa mbali ndani ya jiko.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha, kwa sauti ya kawaida, akamwambia Muslimo, "Na hilo ganda ni la ubani mwitu. Nimekuona ukilinusa tangu uje. Kwa nini hukuuliza? Wewe ambaye huulizia hata nzi anakokwenda."

*

Walifanya kazi mpaka jua likalegea. Tangi lilishushwa, likasuuzwa mara tatu. Kabureta ilifunguliwa kipande kipande juu ya sinia, na Muslimo ndiye aliyepuliza vile vitundu vyembamba, kwa kuwa mashavu ya fundi yalikuwa yamechoka. Chujio jipya likafungwa. Mohamedamin akatoa jerikani yake ya chuma, kuukuu lakini isiyovuja, na kuapa kwamba haijawahi kuona maziwa. Arbia akapandishwa tena na mapipa yake. Pijo ikapanda mwinuko wa daraja kimya kabisa, na Arbia akashuka akilalamika kwamba safari ya kwanza ilikuwa na uhai zaidi.

Jumanne, kwenye kizuizi ambako magari hukusanyika, Sajenti alifika na kikombe cha chai mkononi. Muslimo alisimama kando na maziwa ya mavyaa wake.

"Kanyaga."

Dagane akakanyaga.

"Kanyaga tena. Mpaka chini." Sajenti aliinamisha sikio karibu na boneti, akangoja, akanyooka. "Ulifanyia nini?"

"Afande, betroli ilikuwa na moshi ya maziwa ya mama."

Sajenti akapiga funda la chai. Alikuwa mtu wa bara, amekaa Garissa miaka miwili, na alikuwa amejifunza ni maswali gani hayafai kufuatwa kabla chai haijaisha.

"Ingia nyuma ya lori la pili," akasema.

Lakini Muslimo alijua kwamba hilo halikuwa jibu. Ikienda, Pijo siku zote ilikuwa paka. Jibu lingekuja na kurudi, na siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, alitoka langoni akasimama akiielekea barabara ya Dagahaley. Alisikia mbuzi wakirudi. Alisikia mtu akigonga bati. Mbali sana alisikia malori ya msafara yakiingia mjini, moja, jingine, jingine, na akanyoosha shingo kutafuta katikati yao ule mlio. Akaziba sikio moja ili lile jingine lifanye kazi vizuri. Hakuna. Akajiambia hajafika. Akasogea hatua chache mbele, akasikiliza zaidi, na bado alikuwa amesimama hivyo, kidole sikioni na uso barabarani, Dagane, aliyepitia njia ya sokoni, alipozima injini nyuma yake na kumuuliza anamsubiri nani.